Kadi Tano za Ammar

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Ammar amenishinda tena. Mara ya mia na kumi na mbili, na mwenye kuandika hesabu ni mimi mwenyewe. Figo zake zimekufa, hasimami bila kushikwa na dada yake Razan, lakini tukicheza kadi zenye picha za majini hana huruma. Wiki ijayo anapelekwa Mombasa. Nataka kumshinda mara moja tu kabla hajaondoka hapa kisiwani Ndau. Naogopa hatarudi.

Jumatano, 4 Septemba
Nimepata dawa yake. Kupigana naye ni ujinga. Sheria ya mchezo inasema anayekosa kadi ya kuokota rundoni mwake ameshindwa. Basi nitamkausha! Nimejaza kadi za Wachimba Visima kwenye rundo langu; kila mmoja humlazimisha atupe kadi mbili bila kuzicheza. Leo alinimaliza zikiwa zimembakia nne. Nne tu!

Ijumaa, 6 Septemba
Nilipochanganya kadi zake arubaini, tano ziliingia chini ya kofia yangu. Hakutazama. Mama yake, Bi Huwaida, amenisifu kwamba siku hizi sivui kofia, akaniombea dua. Niliitikia amin huku jini moja limenigandia kipajini kwa jasho. Kisha nikamtoa Mchimba Mkuu, nikasahau kwamba huyo hukausha pande zote mbili. Nimejikausha mwenyewe.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimeshinda! Ammar alinyoosha mkono kuokota, akagusa mkeka mtupu. Mkono wenyewe umebaki mifupa. Akasema nimemmaliza, akacheka mpaka Razan akamletea maji. Nilitaka kuruka. Nikashika mguu wake badala yake, umevimba, wa baridi. Alfajiri boti inampeleka Mokowe, bara, aendelee Mombasa. Nimeandika: moja.

Jumapili, 15 Septemba
Tulimzika Alhamisi. Leo Razan amenikabidhi rundo lake, ndio wasia. Ameniambia marehemu alisema zimo thelathini na tano, nyingine tano ninazo mimi, Wazir, kofiani tangu Ijumaa ile, na nisizirudishe, ushindi ni wangu. Nimelia mbele ya wanawake bila haya. Alijua, na akaokota hivyo hivyo.

Baadaye Razan akasema yeye ndiye aliyemfundisha Ammar kucheza, kama nina moyo nicheze naye. Tumeahidiana kesho baada ya Alasiri. Nimemwachia rundo la marehemu alitumie. Limebaki na thelathini na mbili. Kofia yangu ya sikukuu ya Idi ni pana zaidi.