Picha ya Kutangulia Jeneza

Jumatatu, 3 Novemba

Tumemzika Jean-Bosco, mwalimu mwenzangu. Misa nzuri. Jeneza zuri. Picha, aibu tupu!

Ndivyo tunavyoagana hapa Goma: picha kubwa ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, na picha hiyo hiyo huchapwa kwenye fulana za waombolezaji. Watoto wake walichukua ile ya kadi ya mpiga kura. Jicho moja wazi, jingine limelala. Mtu aliyemaliza vitabu vyote vya parokia anaagwa kwa sura ya mwizi wa mbuzi! Kwenye fulana ya mama anayeongoza kwaya, lile jicho lililolala lilifumbuka kila alipovuta pumzi. Nilishindwa kusali.

Njiani kurudi Katindo nikajiuliza: na mimi, watatanguliza ipi?

Marehemu mke wangu, Léocadie, alinizoesha kuandika la kushukuru kila siku. La leo: nimejiuliza mapema.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwomba Julie anionyeshe picha zote za familia. Ni binti yangu, ninaishi kwake tangu mama yake afariki. Albamu zetu za karatasi zilibaki Masisi siku tuliyokimbia, pamoja na nyumba, vitabu na ng'ombe. Ndiyo maana Julie hataki tena picha ikae mahali pamoja. Amefungua akaunti moja kwa ajili yetu sote. Picha inapanda mahali wanapopaita cloud, kisha inashuka kwenye simu zote: yake, ya mumewe Landry, yangu, na ya Muzee Kambere, baba yake Landry. Mlima Nyiragongo una wingu lake, sasa na sisi tuna letu. Nywila ni jina la ng'ombe wetu, Gaju. Hivyo ndivyo Gaju alivyofika Goma.

Nilitazama kwa shukrani. Wajukuu, harusi, ubatizo. Na mimi! Hapa ninapiga chafya. Pale nimesinzia mbele ya askofu. Kwingine nimejaza sombe, yale majani ya muhogo, mdomoni. Moja tu inafaa: Pasaka, koti la buluu, kitabu mkononi, macho kwenye vilima. Mtu angedhani ninawaza mambo makubwa. Nilikuwa natafuta pikipiki ya kunirudisha nyumbani.

Kambere alikuwepo. Anakuja kutoka Ndosho kila Jumanne kuwaona wajukuu na kunikera. Akasema nisihangaike, picha yangu nzuri iko kwa mupiga picha ambaye hajazaliwa bado. Julie alicheka mpaka akakaa chini. Ni rahisi kwake Kambere kusema. Ana ile picha ya Bunagana, ya enzi zake za kupitisha maharagwe mpakani: suti nyeupe, mguu juu ya gurudumu la lori. Kila mgeni huisifia. Kila mgeni!

Jumatano, 5 Novemba

Mpango umepatikana!

Julie alinionya nisifute kitu, maana kinachofutwa kwenye simu moja kinafutika kwenye zote. Yeye alilisema kama onyo. Mimi nimelipokea kama habari njema. Mbaya zote zikiondoka, ikabaki ile ya Pasaka peke yake, watoto watachagua nini? Watachagua iliyopo.

Na kazi ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Simu inakusanya nyuso. Ukigusa uso wa mtu, inakuletea picha zake zote. Nikagusa wangu. Ikaleta mimi. Ikaleta na Kambere! Kisha ikaweka paji langu la uso karibu na lake, ikauliza kwa Kifaransa kizuri kama huyu na huyu ni mtu mmoja.

Matusi ya namna hii sijapata kusikia, hata katika kambi za wakimbizi. Nikajibu Hapana. Baada ya muda ikauliza tena. Hapana! Masikio ya Kambere peke yake yangetosha kututofautisha hata gizani.

Ninashukuru kwamba hakuna aliyeona.

Alhamisi, 6 Novemba

Imekwisha.

Niligusa uso wangu, nikachagua zote, nikaitoa ile ya Pasaka, nikabonyeza Supprimer, yaani Futa. Picha za Kambere zilikuwa bado zimechanganyika humo, na ile ya suti nyeupe pia. Ningeweza kuitoa. Sikuitoa. Mashine ndiyo iliyotuunganisha, si mimi.

Simu ikaniambia kwamba picha zitakaa kwanza katika kapu la taka kwa majuma kadhaa, nisije nikajuta. Nikalitafuta kapu, nikalimwaga. Mwalimu gani anafuta ubao nusu?

Nimekunywa chai nikiwa mwepesi kama kijana. Ninamshukuru Julie kwa elimu aliyonipa.

Jumapili, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Julie alitaka kuchapisha picha ya mama yake. Jumanne tuna misa ya kumkumbuka. Léocadie aliziba mdomo kwa mkono kila alipoona kamera, kwa ajili ya jino moja lililotoka. Maisha yake yote. Mara moja tu alinaswa akicheka wazi, kwenye karamu ya ubatizo. Kambere ndiye aliyepiga. Na mimi, huwa nakasirika nikikumbuka, maana ni Kambere pia aliyemchekesha. Picha nyingine za mke wangu zote zina mkono mahali pa mdomo.

Julie akatafuta. Haipo. Akaniuliza, Papa, umegusa simu? Nikasema ni mtandao. Katika mji huu mtandao hubebeshwa lawama za kila mtu na haujitetei. Julie akaendelea kutafuta. Akaona kwamba kila picha niliyokuwemo imetoweka, isipokuwa moja, ya Pasaka, koti la buluu. Hakuhitaji mpelelezi.

Kwenye picha ile nilikuwa nimekaa karibu na Léocadie, nimefumba macho, sombe mdomoni. Alhamisi niliuangalia mdomo wangu. Sikuangalia wake.

Julie hakunigombeza. Alilia tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akasimama ghafla: simu ya Kambere! Kambere hanunui megabaiti, anasema hawezi kununua kitu kisichopimika kwenye mizani. Simu yake inalala imezimwa juma zima. Jumapili baada ya misa ndipo anapoiwasha, kwenye duka la mpwa wake, ambako Wi-Fi ni ya bure. Habari za kufuta zilikuwa hazijamfikia. Lakini simu ikikutana na Wi-Fi ile, itatii kama zetu zilivyotii, na Léocadie ataondoka mara ya pili.

Julie akampigia. Imezimwa. Akampigia mama mukwe wake, Marie-Louise. Akajibu kwamba muzee ametoka zamani, yuko njiani kwenda dukani, anapiga mluzi.

Sikuvaa hata koti. Nikapanda pikipiki, nikamwambia dereva aende kama anakimbiza mgonjwa. Akaniuliza mgonjwa ni nani. Nikasema mke wangu. Aliendesha vizuri, Mungu ambariki, tukapita chukudu, baiskeli zetu za mbao, zenye makaa na kundi lote la wanakwaya wakitoka kanisani.

Ndosho. Duka. Kambere juu ya kreti ya bia, miwani puani, simu mkononi. Ilikuwa inawaka! Sikuwa na pumzi ya kueleza. Niliinyakua nikakimbia.

Siwashauri wazee wenzangu kukimbia na simu ya mtu katika Ndosho. Mtu mmoja akaita mwizi. Wakaita wote. Mama wa muchicha akanirushia sahani ya plastiki. Fundi wa milango akatoka na nyundo. Hatua chache tu nikawa chini, shati limeshikwa na mikono mingi kuliko mashati niliyo nayo. Kwenye fulana ya mmoja wao nikamwona Jean-Bosco akiniangalia kwa jicho lake moja.

Ni Kambere aliyeniokoa. Alikuja akichechemea, akapaza sauti: "Mumuache! Huyu si mwizi. Ni mukwe wangu. Ni kichaa tu."

Wakaniachia. Wakaniomba radhi. Mama wa muchicha alinipa pole na akaomba sahani yake.

Nikiwa bado chini nikafungua simu, nikazima mtandao kama Julie alivyonifundisha mlangoni. Nikatafuta. Alikuwepo. Kitambaa cha kijani, pengo la jino, mkono uko pajani ambako haukuwahi kukaa. Anacheka.

Nilimweleza Kambere yote, hapo hapo kwenye vumbi jeusi. Hata suti nyeupe. Aliichukua simu yake, akaipangusa vumbi. Kisha akasema nimemufuta mutu mwenye heshima zake, na angenirudisha kwa wale vijana kama nisingekuwa babu ya wajukuu wake.

Asante, Mungu wangu. Asante kwa bahili huyu.

Jumanne, 11 Novemba

Misa ya Léocadie. Julie alikuwa amezitoa picha zote kwenye simu ya Kambere kwa waya, akaziweka pembeni, ndipo akazipandisha tena. Ameichapa ile ya mama yake kubwa. Imekaa mbele ya altare. Watu waliomfahamu walisimama mbele yake wakatabasamu kabla ya kulia.

Niliomba mimi nikatwe pembeni. Julie akakataa. Kwa hiyo parokia nzima imeiona sombe yangu.

Baada ya misa nikamwuliza Kambere jambo ambalo limenichoma miaka yote: siku ile alimwambia Léocadie kichekesho gani? Akanishangaa. Hakumwambia kichekesho. Alikuwa ameinua simu, mama akaanza kupandisha mkono, basi akamwambia tu, "Mama, angalia muzee wako." Léocadie akageuka, akaniona ninavyokula. Mkono ukasahau kazi yake.

Miaka yote nimemwonea Kambere wivu kwa kicheko kilichokuwa changu.

Nimemshukuru. Kwa maneno, mbele ya watu. Nilimwambia pia kwamba sura yangu mbaya ndiyo iliyofanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yangu, na kwamba sitaigusa tena picha yoyote. Alinishika mkono. Akasema hayo ni maneno ya mutu mukubwa, ingawa shati lina doa.

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi tulivu. Mvua kidogo. Julie ameniapisha kwa jina la mama yake nisifute kitu. Nimeapa kwa moyo wote. Mbona nifute? Nimejifunza.

Picha zote zimerudi. Na mpya imeongezeka. Jumapili, kabla ya kuja kuniokoa, yule Kambere aliazima simu ya mpwa wake akanipiga picha: niko chini, mdomo wazi, fundi amenishika kola, sahani ya muchicha begani. Mpwa akamtumia Landry, ikapanda wingu, ikashuka kwa wote. Landry anasema ndiyo picha bora ya familia. Wajukuu wanaiomba kwenye fulana. Kwenye fulana!

Sikufuta. Nimeapa.

Lakini saa hii, nikiwa na chai yangu, simu imetetemeka. Ni ile mashine. Haichoki, haina kinyongo. Upande mmoja imeweka uso wangu. Upande mwingine, Kambere wa Bunagana, suti nyeupe, mguu juu ya gurudumu. Inauliza tena, kwa Kifaransa chake kizuri, kama huyu na huyu ni mtu mmoja.

Nimeitazama kwa haki, bila hasira. Ni kweli, paji la uso linafanana. Taya pia, ukikaa mbali. Mtu mzuri. Siku watoto watakapogusa uso wangu kutafuta ya kutangulia jeneza, huyu atakuja wa kwanza. Kambere atalalamika, bila shaka. Lakini siku hiyo sitakuwa na nafasi ya kubishana naye.

Na kiapo? Kiapo kilihusu kufuta. Hapa sifuti kitu.

Ninaishukuru mashine kwa uvumilivu wake. Nimebonyeza Ndiyo.