Fuko wa Scarrowby

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu asubuhi. Nimempelekea Wilf Oxtoby wa Kettlewick, wapinzani wetu, majina ya wachezaji wetu wa Jumamosi, na nani atamfuata nani. Akanipa fungu la samaki wa moshi, limefungwa kwenye gazeti. Sioni ubaya. Chama chetu cha mchezo wa kuviringisha tufe kwenye nyasi hapa Scarrowby hakijabadilisha nahodha miaka nenda miaka rudi. Nahodha ni Enid Garbutt, dada wa mke wangu. Mwanamke mwema. Lakini hanipangi. Kila mwaka jina langu liko chini kabisa, kwenye wachezaji wa akiba, na sijawahi kuhitajika. Tukifungwa na Kettlewick mbele ya mji mzima, atajiuzulu kwa aibu, na watu wataangaza macho kumtafuta mtu mtulivu. Nitakuwa nimesimama karibu.

Doreen, mke wangu, aliuliza samaki wametoka wapi. Nikasema nimewaokota ufukweni. Akauliza tangu lini bahari inatoa samaki waliokwisha kukaushwa. Nikasema mambo yanabadilika. Alinitazama mpaka chai yake ikapoa.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwisha.

Nilikwenda klabuni kuchukua mwavuli. Enid alikuwa nyuma ya kibanda cha mashine ya kukatia nyasi, anaongea na simu. Sikutega sikio. Nilisimama tu pale sauti inapofika. Alisema ni *mole*, hana shaka tena. Kwamba amejua kwa wiki kadhaa na amenyamaza. Kwamba Alhamisi ni kutoa tu, hakuna kubembeleza. Doreen anajua. Clement asiambiwe, maana atazua balaa.

Clement ni mimi.

Neno hili *mole* nalijua vizuri. Kuna mole fuko, mnyama mdogo asiyeona vizuri, anayefukua bustani za watu. Na kuna mole mtu: anakaa mezani kwenu, anakunywa chai yenu, kisha siri zenu anazipeleka kwa jirani. Fuko hatuna. Nyasi zetu ni zulia. Basi amebaki mtu, na mtu mwenyewe ana harufu ya samaki wa moshi.

Sikula. Doreen aliuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema afadhali, maana Alhamisi nitawaendesha yeye na Enid mjini. Hakusema kwenda wapi. Sikuthubutu kuuliza.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka na wazo. Wazo zuri sana, nilidhani.

Enid akisimama mbele ya chama na kutangaza kwamba tuna mole, watu wote watageuza shingo kumtafuta mtu. Isipokuwa kama fuko tayari wanaye. Basi alfajiri nilikwenda uwanjani na kijiko kikubwa cha jikoni. Nikafukua hapa, nikafukua pale, nikaacha vilima vya udongo kama fuko anavyoacha. Magoti yakalowa. Niliporudi nyuma kutazama, nilijisifu. Hata fuko angedanganyika.

Sikuwa nimemfikiria Percy Lumb. Ndiye mtunza uwanja. Alifika na chupa yake ya chai, akaona, akavua kofia, akakaa chini palepale kwenye umande. Alisema amezitunza nyasi hizi tangu kabla hajamwoa marehemu mkewe, na hajawahi kuona kitu kama hiki. Mzee mzima, midomo inamtetemeka. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na udongo. Nikaviingiza kwenye maua.

Akaja Desmond Thackray, mweka hazina, aliyefundisha Kilatini maisha yake yote na hajaacha. Akatueleza, hakuna aliyemuuliza, kwamba mababu zetu walimwita fuko kwa jina jingine kabisa, maana yake mrusha udongo, na kwamba hili la mole huenda lilivuka bahari na watu wa Uholanzi. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: basi tuna mole, na tukisikia mtu anataja mole, tujue ni huyu. Desmond akanitazama. Akauliza nani alitaja mole.

Enid alifika mwisho. Alisimama ukingoni mwa uwanja, mkono begani, akasema polepole, "Wiki hii jamani. Hata nyasi?" Kisha akaondoka. Mtaalamu wa kutega mafuko ataitwa. Nimejitolea kulinda uwanja.

Alhamisi, 6 Juni

Nitaandika yote.

Doreen alikaa mbele, Enid nyuma. Tulipita kanisa. Kisha Doreen akageuka, akamshika dadake mkono, akasema, "Haya. Leo mole inatoka, na yote yatakwisha."

Kwenye kioo niliona macho ya Enid. Mekundu. Nilijua saa yangu imefika. Wananipeleka mahali, nikitoka garini, chama kizima kitakuwa kimesimama pale. Nikasimamisha gari kando ya shamba la kondoo, nikasema yote. Samaki. Wilf Oxtoby. Majina na mpangilio. Kijiko. Nikasema nilitaka unahodha, na kwamba kama watanisamehe, nitarudisha samaki waliobaki.

Kondoo mmoja alikohoa.

Enid alifungua vifungo viwili vya blauzi, akaivuta chini ya bega. Palikuwa na baka jeusi, ukingo wake umekatikakatika, kubwa kuliko kifungo. Hili nalo ni mole. Baka la mwilini. Neno ni lile lile.

Alisema daktari hakupenda rangi yake. Leo linakatwa, kisha wanalipima, kisha watu wanasubiri. Mama yao alifariki kwa baka kama hilo. Hilo sikulijua. Nimemwoa Doreen zamani na sikulijua, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Enid akafunga vifungo. "Shemeji," akasema, "nimelala macho wiki tatu nikiogopa kitu kibaya nilichokibeba begani. Kumbe kibaya chenyewe ndicho kinachoniendesha."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka hospitali. Muuguzi mlangoni alidhani analia, akamletea karatasi laini. Doreen hakucheka. Doreen alisema jambo moja tu: kile kijiko ndicho alichokorogea uji wangu leo asubuhi.

Ijumaa, 7 Juni

Enid ana nyuzi begani na hatacheza kesho. Lakini akili yake haina nyuzi. Ameniita. Akasema kwa kuwa mimi ni fuko tayari, nifanye kazi ya fuko. Nimpelekee Wilf mpangilio mwingine, wa uongo, nimwambie ule wa kwanza umefutwa. Percy alinipa jembe dogo na macho makali, nikafukia vilima vyangu mwenyewe kwanza. Desmond alisimama juu yangu akinieleza kwamba baka la mwilini halina udugu na fuko. Linatoka kwenye neno la kale la hapa hapa, maana yake doa. "Ni maneno mawili yasiyojuana," alisema, "yamevaa shati moja tu." Nikamwomba asogee, amekanyaga udongo.

Nikampigia Wilf. Akasema nimkute kwenye mole saa nne. Habari za vilima zimefika mpaka Kettlewick, nikawaza. Nikakaa kando ya vilima nilivyokuwa nikifukia. Saa nne ikapita. Saa tano. Wilf hakutokea. Tapeli huyu, nilisema moyoni, hata kuaminika hajui.

Alasiri akanipigia, sauti imeziba kwa mafua. Alikuwa bandarini. Ile gati ndefu ya mawe inayokinga mawimbi, nayo ni mole. Wazee wote wa pwani wanaiita hivyo, aliniambia, hata mama yangu mimi alikuwa akiiita hivyo. Alisimama pale mpaka maji yakapanda, wimbi likamvaa mzima mzima. Amekasirika. Hataki kunisikia tena. Nikaanza kumweleza kuhusu mpangilio mpya, akakata simu. Enid sikumwambia.

Nilimuuliza Desmond. Kosa. Ya gati inatoka kwenye Kilatini, akasema kwa furaha, maana yake kitu kizito kilicholundikwa. Akaanza kunieleza mole ya wanakemia na mole ambayo ni mchuzi wa Meksiko. Nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefungwa.

Wilf alikuja na pua nyekundu na mpangilio wetu wa kweli mfukoni. Kila mchezaji wetu alikutana na mtu aliyechaguliwa kumshinda. Hata hivyo tufe la mwisho lilikuwa la Doreen, na lingetuokoa. Lilitoka mkononi mwake zuri, likaviringika pole, mji mzima umeshika pumzi. Likafika nilipofukia kilima. Likaruka kidogo, likageuka kushoto, likaenda kulala mferejini. Percy Lumb alifunika uso.

Enid alisimama, bega limefungwa bendeji, akasema anaachia unahodha. Nikajiweka sawa. Nikafunga kifungo cha koti. Watu wakaangaza macho huku na huku, kama nilivyotabiri. Wakamchagua Doreen.

Uamuzi wake wa kwanza: amefuta jina langu kwenye akiba.

Jumanne, 18 Juni

Daktari amepiga simu. Baka halikuwa na ubaya wowote. Enid alikuja mwenyewe kutuambia, akakaa jikoni, akashindwa kumaliza sentensi. Doreen alimkumbatia mpaka maji ya chai yakakauka kwenye birika. Mimi nililia zaidi ya wote wawili, wakanitazama. Enid akanipigapiga mgongoni. Akasema, "Basi, shemeji. Umekuwa mjinga, hukuwa mwovu." Sijawahi kupewa cheo kikubwa zaidi katika ukoo huu. Nimeapa: tangu leo, nikisikia neno nusu, nitauliza nusu iliyobaki.

Alhamisi, 20 Juni

Nimesikia jambo la kutisha.

Enid na Doreen walikuwa barazani. Sikutega sikio, dirisha lilikuwa wazi. Enid alisema amepata *plot*. Nzuri, nyuma ya kanisa. Doreen akasema vyema, na Clement asijue kwanza, tutamshtua siku yake ya kuzaliwa. Wakacheka.

Najua plot ni kipande cha ardhi pia. Si mtoto mimi. Lakini nani anashusha sauti kwa ajili ya kipande cha ardhi? Plot nyingine ni njama, na hiyo ndiyo husemwa barazani kwa kunong'ona. Tena nyuma ya kanisa. Nyuma ya kanisa kuna nini, kama si makaburi?

Mchana Doreen amerudi na majembe mawili mapya na mbegu za maharage. Mbegu ni za kunipumbaza. Majembe ndiyo yenyewe.

Kuuliza nisingeweza, wangejua nimejua. Nimehamishia kitanda changu chumba cha juu, nimeegemeza kabati mlangoni, na kesho asubuhi na mapema nakwenda kituo cha polisi.