Pembe Si ya Kila Mdomo

Jumatatu, tarehe 6

Jamani! Gauni la bibi harusi limelala mezani tangu asubuhi, halijapata hata mkono mmoja. Ningeshonaje? Kundi letu la gemu ya simu limepewa pango la jitu!

Kiongozi wetu ni mkwe, mama mkwe wa binti yangu. Katutangazia kwenye simu: kila mtu ajiandae kwanza, ndipo yeye apulize pembe. Pembe ikilia, jitu linaamka na kundi zima linavutwa pangoni, uwe tayari usiwe tayari. Msusi, huyu tunayetenganishwa naye na ukuta tu, kapewa upanga. Mimi? Chupa ya dawa. Niwatibu wenzangu! Kama nesi! Mkwe akaongeza kuwa atakayevuruga safari hii anatolewa kundini. Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Mpango: pembe iko kwenye simu ya kila mmoja wetu, basi naipuliza mimi. Nani aliwahi kusifiwa kwa chupa?

Jumanne, tarehe 7

Siri nimempa muuza nyama peke yake, maana naye yumo kundini. Nikamwapisha. Na fundi viatu, kwa sababu alikuwa amekaa palepale. Na mama wa maziwa, ila yeye hasikii vizuri, ikabidi nirudie kwa sauti.

Jioni msusi kanipitia anacheka, eti shoga, nasikia unajifunza kupuliza. Muuza nyama hana kifua kabisa!

Jumatano, tarehe 8

Nimepuliza! Mchana kweupe!

Mkwe alikuwa anawakaangia wageni samaki. Muuza nyama shoka mkono mmoja, simu mkono wa pili. Msusi kaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Jitu likaja kama ukuta unaotembea. Muuza nyama chali. Mkwe chali. Mimi namwaga dawa mpaka kidole kinauma, najisifu moyoni. Halafu naona jitu linazidi kunawiri. Mashavu hayo!

Msusi akapiga kelele, nikamsikia kupitia ukutani: "Wee shoga, unalitibu jitu! Nitibu mimi!"

Kumbe dawa inamwendea unayemgusa kwenye kioo cha simu. Na mimi nilikuwa nagusa kilicho kikubwa.

Basi msusi akawa anazunguka nguzo ya pangoni, jitu nyuma yake, mimi nammwagia dawa yeye, mteja wake anatushangilia. Nikawagusa na waliolala, wakainuka mmoja mmoja. Tukatoka mbio. Wazima wote!

Alhamisi, tarehe 9

Mkwe kapiga. Kanisalimia vizuri, kaulizia mjukuu wetu, ndipo akasema mkwe wangu, kwa heshima zote, samaki wameungua na umeniua mbele ya wageni. Alitaka kunitoa. Aliyeniombea ni msusi! Eti bila dawa yangu asingetoka mle. Nimebaki, kwa sharti moja: pembe nisiiguse.

Hapo ndipo nilipojua msusi ananionea wivu. Mtu hakuombei bure.

Jumamosi, tarehe 11

Nimewaza sana kwenye cherehani. Jitu lile limepona kwa mkono wangu. Hata mbwa ukimpa mfupa anakukumbuka. Sasa ya nini kupigana, wakati mimi naweza kuongea nalo vizuri, mtu mzima na mtu mzima?

Nikapuliza pembe polepole. Ya salamu tu, wengine wasisikie.

Wamesikia. Mkwe alikuwa anaoga.

Nikasogea mbele, nikaliulizia afya. Likanikanyaga! Likawakanyaga wote, hadi msusi na nguzo yake.

Mkwe kanitoa kundini, kwa heshima zote. Mjukuu hata hakumuulizia. Msusi kagonga ukuta, kasema safari hii haniombei.

Sijali. Nimeanzisha kundi langu, kiongozi mimi, na mtu wa kwanza atapatikana tu. Na kosa nimeshaligundua: leo nilivaa kofia mpya. Jitu la watu lingenitambuaje? Ile ya zamani ninayo. Nikiivaa, litanijua tu.