Mchanga Katika Shingo ya Thongdam

Jumatatu, 10 Februari

"Bondia aliyepigwa kooni, sauti ikabadilika, ni mgonjwa hata kama anacheka." Haya kayaandika nesi Wilaiwan kwenye ubao wa kambi yangu. Upuuzi! Miaka ishirini na sita nafundisha ndondi zetu za viwiko na magoti hapa mkoani Surin. Sijaona bondia aliyeshinda kwa sauti. Leo mazoezini Thongdam, bondia wangu bora, kala kiwiko cha koo. Anakoroma kama chura. Na Jumamosi, kwenye sherehe za hekalu, anapigana na bondia wa Bunluea, mwalimu wa kambi pinzani. Nesi ni shemeji yake Bunluea! Nani haoni?

Jumanne, 11 Februari

Thongdam hali chakula. Nimemwekea wali wa kunata na kuku wa kuchoma, akakunja uso hata kwa kumeza mate. Nikamwambia anaigiza, kanunuliwa. Akanong'ona kwamba hapana, Mwalimu, kila kitu kinapita kama mwiba. Nikajificha nyuma ya magunia ya kupigia nimfume akila kwa siri. Saa mbili nzima. Hakula. Walionila ni siafu.

Jumatano, 12 Februari

Nimemkanda shingo kwa mafuta yetu ya ndondi, yale yanayowasha, dawa ya kila kitu tangu enzi za baba. Chini ya vidole: kwaru, kwaru! Kama mchele mkavu. Nikang'amua papo hapo. Mchanga! Bunluea katia mchanga kwenye chupa yangu! Nikakanda kwa nguvu zaidi, niutoe. Shingo ikavimba. Thongdam akakaa kainama mbele, pumzi zinapiga mluzi.

Nikabeba chupa hadi kwa Bunluea. Nikamtaka akiri. Akamimina mafuta kiganjani, akayasugua. "We mzee, mchanga uko wapi hapa?" Akauliza kama shingo inalia hata bila mafuta. Swali la mtego! Akampigia nesi simu huku anakimbilia kwangu. Namba ya shemeji anaijua kwa kichwa! Ushahidi huo.

Nilipofika kambini na kunyoosha mkono shingoni kwa Thongdam, nesi alikuwa ananifokea tayari. "Mwalimu, toa mikono! Hakandwi, halishwi, halazwi chali!" Eti si mchanga, ni hewa inayovuja kwenye bomba la pumzi na kuingia chini ya ngozi. Wakamwacha ameketi, wakamshikilia kichwa kisigeuke, gari la wagonjwa likaja. Nikauliza habari za Jumamosi. Akanitazama kama mende.

Ijumaa, 14 Februari

Kapasuliwa. Daktari anasema angechelewa saa moja, pumzi ingekatika. Daktari huyo katoka wilaya moja na Bunluea. Thongdam yu hai. Nilitokwa machozi ukumbini. Harufu ya dawa, bila shaka.

Jumamosi, 15 Februari

Pambano limefutwa. Thongdam ana mrija kooni, hasemi. Nesi kanikabidhi karatasi mlangoni, eti kaiandika Thongdam: "Mwalimu, nakuheshimu kama baba. Ila shingo yangu usiiguse tena." Nimeisoma mara nne. Mwandiko umenyooka mno. Thongdam huandika kama kuku anayeparua!

Basi ninyi, waheshimiwa wa kamati ya ndondi ya mkoa, barua yangu itawafikia kesho: mwiteni Wilaiwan, mpeni kalamu, aandike neno "shingo" mara kumi mbele ya macho yenu. Na fanyeni haraka. Jioni hii bondia wangu mwingine kala goti la koo, sauti imemkauka, na mwanamke huyo tayari anabisha hodi. Nimefunga lango. Mafuta yanapata moto.