Tarehe za London, Chai ya Kebirigo

Mwaka wa 1974, Kebirigo nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua leo ni lini, naye alikuwa Abner Obwocha. Wengine wote waliishi kwa kubahatisha!

Abner alikuwa na hoteli ya chai na mandazi, na ndani ya hoteli alikuwa na televisheni, ya kwanza pale sokoni. Ilikula betri ya lori, na eriali yake ilifungwa juu ya mkaratusi mrefu hata ndege waliizunguka kwa heshima. Kila Jumanne jioni, baada ya habari, kulikuwa na kipindi cha mpelelezi wa Kiingereza aliyefukuza wezi kwa baiskeli. Watu walijaa, wakanywa, wakalipa. Mtu mwenye akili angetaka nini tena?

Abner alitaka ukubwa.

Shemeji yake aliyekuwa akisomea uuguzi Uingereza alimtumia gazeti la vipindi vya huko. Abner alilisoma mpaka tangazo la sabuni, akagundua jambo zito: mpelelezi yule alikwisha kuonyeshwa London tangu Januari, Jumamosi, saa nane mchana! Kumbe Kenya nzima ilikuwa inalishwa makombo! Akauchukua ubao wa nje, akafuta "Jumanne baada ya habari", akaandika kwa chaki: MPELELEZI WA BAISKELI. JUMAMOSI, TAREHE 5 JANUARI, SAA NANE MCHANA.

Mkewe Drusilla, aliyeuza ndizi soko la Daraja Mbili miaka mingi kabla ya hoteli kuwepo, aliutazama ubao ule kama anavyotazama mkungu uliooza.

"Baba Nyaboke, huu ni mwezi wa tisa."

"Najua."

"Sasa mteja aje lini? Januari iliyopita?"

"Mtoto akizaliwa Nairobi Januari," Abner alisema, mkono kifuani, "wewe ukamwona hapa Septemba akiletwa kwa nyanya yake, siku yake ya kuzaliwa ni ipi?"

"Mimi simuuzii mtoto chai. Namuuzia anayekuja kumwona."

Abner akacheka kicheko cha mtu aliyepokea gazeti kwa ndege.

Na tena alikuwa na jambo kubwa zaidi kichwani. Mwezi wa kumi kanisa lao la Sabato lingechagua mzee mpya, na Abner alikitaka kile kiti cha mbele, kile kinachowatazama watu badala ya kutazama migongo yao. Alikitaka hata suti ilikuwa imeshakatwa! Ilikuwa kwa Thadeus Nyamongo, fundi wa cherehani wa ng'ambo ya barabara, Mkatoliki mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Abner!" Thadeus aliita toka kibarazani. "Chai ya Januari bado ina moto?"

"Wewe ni mtu wa kuletewa, Thadeus. Mimi ni mtu wa chanzo! Siku ya kipindi ni siku ya kwao. Hii Jumanne ni ya wageni tu!"

Aliyasema haya na yale ya mtoto wa Nairobi asubuhi, aliyasema jioni, mpaka wateja wakayakariri kama sala. Mtu akisema, "Tuonane Jumanne," Abner alizuia birika hewani hadi ajisahihishe.

Sasa, ubao hausomwi na wenyeji peke yao. Bosibori, mama mmoja wa Mosocho aliyepita sokoni na mzigo wa vitunguu, alisoma "Jumamosi, saa nane mchana" na hayo mengine hakuyajali. Nani husoma mwezi kwenye ubao wa hoteli? Jumamosi akafika, akakuta kufuli. Akauliza, akaelekezwa kanisani. Akachungulia mlangoni, Abner akiwa mbele, macho yamefumbwa, katikati ya ombi refu la mchana.

"Samahani jamani," Bosibori akasema, "namtafuta Abner wa sinema ya Jumamosi."

Ombi likapata "Amina" ya ghafla.

Jumanne iliyofuata Mzee Manasseh, mkubwa wa wazee wa kanisa, akaja hotelini na fimbo yake. Hakuagiza chai. Aliusoma ubao, akausoma tena.

"Abner, kipindi hiki siku yake ni lini?"

Hapa mtu anayeweza kuuza hata kiberiti angejibu, "Jumanne, mzee," akanyamaza. Lakini hoteli ilikuwa imejaa, na Thadeus alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, akingoja.

"Jumamosi, mzee! Sisi hapa tunafuata tarehe za kwao!"

"Jua likiwa limezama?"

"Wapi! Saa nane mchana, jua..." Abner akaliona shimo akiwa tayari ndani yake.

"Katikati ya Sabato," akasema Manasseh.

"Hapana, mzee! Leo ni Jumanne! Jumanne kabisa!"

"Jumanne ni ya wageni tu!" hoteli nzima ikaitikia, kama ilivyofundishwa.

"Mzee," Thadeus akaongeza kwa upole wa kuua, "mtoto akizaliwa Nairobi Januari..."

"Wewe nyamaza, huna Sabato!"

Manasseh akagonga fimbo. "Wazee tulikaa. Nilikuja kusikia kwa mdomo wako, nimesikia. Umewekwa marudi miezi sita, hakuna kuongoza ombi wala kushika kazi. Kiti cha mwezi wa kumi tumempa Angwenyi."

"Angwenyi! Hata saa ya mkono hana!"

"Sabato anaijua."

Abner akatazama chini. Kisha macho yakawaka ghafla.

"Mzee! Kosa ni la tarehe tano Januari, sivyo? Basi miezi sita iliisha Julai! Mimi nilishamaliza marudi zamani!"

Watu wakashika vinywa. Hata Drusilla alisahau birika mkononi. Mara ya kwanza katika ndoa yao, mumewe alikuwa amepatana bei kama mtu wa Daraja Mbili.

Mzee Manasseh akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli. Marudi ya London yamekwisha," akasema. "Lakini hapa Kebirigo yataonyeshwa kwa mara ya kwanza Sabato hii, saa nne asubuhi, mbele ya kanisa zima. Usichelewe."

Akaenda zake. Drusilla akatoka na kitambaa kibichi, akafuta London yote, akaandika: Jumanne, baada ya habari.

Thadeus alibaki mlangoni akivuta futi yake.

"Abner, ndugu yangu. Ile suti nipunguze mikono? Angwenyi ni mfupi."