Posa, Birika na Kinu cha Iliki

Sina uso leo. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, nywele bado zinachuruzika maji, na wa kulaumiwa ni ninyi nyote wa kikundi hiki. (Na mimi pia. Lakini kwanza ninyi.)

Kwa waliochelewa kuamka, nieleze. Asubuhi yule mchoraji wetu wa katuni za mtandaoni ametoa ramani mpya. Ameigeuza dunia: palipokuwa na bahari pamekuwa nchi kavu, na palipokuwa na nchi kavu pamekuwa bahari. Basi kila mtu akakimbilia kwao kuangalia kumekuwaje. Otieno wa Kisumu akakuta Ziwa Victoria limekuwa kisiwa, akaanza kujigamba kama kisiwa chenyewe amekiumba yeye. Mimi nikatafuta Lamu. Nikavuta picha, nikavuta tena. Pate ni dimbwi. Kiwayu ni mfereji. Lamu yetu, yenye misikiti yote hii na watu wote hawa, ni tone.

"Maryamu, kwenu ni karai," akaandika Otieno.

Nikacheka, lakini kusema kweli iliniuma.

Karai hilo ndilo lililoleta balaa. Mmoja wenu akauliza: je, mtu akiwa ndani ya mashua katika karai la Lamu, ana jiwe kubwa, akalitupa majini, maji ya karai yatapanda au yatashuka? Nikasema yatashuka. Jiwe likiwa ndani ya mashua linasukuma maji kwa uzito wake, likizama linasukuma kwa ukubwa wake tu. Otieno akajibu: "Dada, jiwe limeingia majini halafu maji yashuke? Wewe endelea kudarizi kofia." Mkamwekea vicheko. Niliwahesabu mmoja mmoja, na majina yenu ninayo.

Sasa mjue leo ilikuwa siku gani. Leo wanawake wa upande wa kina Swaleh walikuwa wanakuja kunitazama. Swaleh ni fundi wa mashine za boti pale Ras Kitau, na nimempenda mwenyewe, sikuletewa. Baba yake ameridhia. Kulibaki mama yake, Bi Zena wa Siyu, ambaye alikuwa amesikia kwamba mimi hushinda kwenye simu nikibishana na watu nisiowajua juu ya mambo yasiyokuwapo. (Nani alimwambia? Hata sijui. Si uongo lakini.) Akamwambia mwanawe: "Nitamuona kwa mato yangu, macho haya mawili. Nikimuona hana utulivu, shauri hilo limekwisha." Swaleh alinipigia jana akanisihi, "Maryamu, kesho tulia tu. Saa mbili tatu, halafu urudi kuwa wewe."

Na nilitulia, wallahi. Adhuhuri nilikuwa nimeshaoga, nimevaa gauni jipya la zambarau, asumini kichwani, wanja machoni. Mama alinitazama akaridhika, akasema, "Kaa hapo, usishike kitu mpaka nikwite." Akashuka chini kupokea wageni.

Nikakaa. Nikafungua simu. Otieno alikuwa amechora karai lenye minara ya misikiti, akaandika chini yake: "Mtaalamu wa fizikia anaishi humu."

Hapo nikainuka.

Bafuni kwetu kuna birika, lile la kizamani la mawe na chokaa, linanifika kiunoni, na ndani yake wamo samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Nikajiambia, hili hapa ndilo karai lenyewe. Nitawapigia video, nimnyamazishe mtu huyu, nirudi kukaa kabla mama hajanikumbuka. Nikachukua sufuria, nikachukua na kinu cha shaba cha kutwangia iliki, ambacho ni kizito kuliko kinavyoonekana. Nikaiweka sufuria juu ya maji ya birika, na kinu ndani yake. Ikaelea vizuri kabisa. Nikachora alama ya maji ukutani kwa kalamu yangu ya wanja, nikaisimamisha simu dirishani ikirekodi. (Mpaka hapo nilikuwa najiona mtu wa maana sana.)

Kilichobaki ni kukitoa kinu ndani ya sufuria na kukizamisha. Tatizo, sufuria ilikuwa imeshaelea hadi upande wa pili.

Nikajinyoosha. Nikajinyoosha tena, nikasimama kwa ncha za vidole. Nikakishika kinu. Kinu nacho kikanishika. Sakafu ilikuwa na maji, gauni lilikuwa refu, na kinu kilikuwa kimeamua kwenda chini, basi tukaenda pamoja, kichwa mbele.

Na maji yakapanda. Otieno, furahi.

Sasa wageni wa bara niwaeleze jambo moja. Nyumba zetu hizi za zamani bafu halina mlango, lina pazia. Kwa hiyo anayekuja hukohoa nje, na aliye ndani humjibu kwa kukohoa. Asipojibiwa, anajua hamna mtu, anaingia. Ni adabu tuliyokua nayo sote, na haijawahi kumwangusha mtu.

Bi Zena alikuwa ametoka Siyu tangu asubuhi, akataka kutawadha kwa ajili ya alasiri. Mama akamwelekeza juu, bafuni. Akakohoa mbele ya pazia, kama inavyotakiwa.

Mimi kichwa kilikuwa chini ya maji. Ningemjibu na nini?

Akaingia. Nami ndipo nilipoibuka, nimekumbatia kinu, sufuria imenikalia begani. Sasa nikakohoa. Nilikohoa sana.

Bi Zena hakupiga kelele. Ningependa apige, tungejua tulipo. Alisimama na kandambili zake, akanitazama kutoka asumini hadi pale maji yalipoanzia. Wanja ulikuwa umenishuka hadi kidevuni. Samaki mmoja alikuwa anarukaruka sakafuni. Bi Zena akachukua kata, akamchota yule samaki taratibu, akamrudisha birikani pembeni yangu. Halafu ndipo akasema.

"Wewe ndiwe Maryamu?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wafanyani humo?"

Hapa ningeweza kusema nimeteleza. Mtu mwenye akili angesema nimeteleza. Mimi nikamweleza habari ya karai, ya mashua na jiwe, na ya Otieno. Nilieleza yote, ndani ya maji, na kinu nikakiinua kuonyesha mfano. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na huyo Otieno ni nani yako?" Nikasema, "Si mtu, mama. Ni mbishi tu."

Akatawadhia maji ya ndoo, akaenda kuswali. Mimi nikabaki mle nikilia. Sikulia kwa aibu. Nililia kwa sababu nilimuona akilini Swaleh akiambiwa basi, na ni mimi niliyeshindwa kukaa kimya kwa saa mbili. (Video ipo, msiniulize. Inaonyesha miguu miwili hewani na hakuna fizikia yoyote.)

Nikabadilisha nguo, nikashuka na kahawa. Mama yangu alikuwa ameinama, akipanga halwa ambayo ilikuwa imeshapangika. Nikamimina bila kumwaga hata tone, lakini nani angehesabu hilo sasa? Bi Zena akanywa kikombe chake, akakiweka chini, akajifuta midomo kwa pembe ya leso.

"Bi Amina," akamwambia mama, "mtoto wako nimemuona."

Mama akasema, "Tuwie radhi, Bi Zena."

"Nimemuuliza akiwa majini, na hakunidanganya. Mimi nimekuja kutafuta hilo." Akanigeukia. "Lakini kwangu Siyu hakuna birika, mwanangu. Kuna kisima."

Nikaona Swaleh ameniponyoka.

"Tutakifunika," akasema Bi Zena, akanyoosha kikombe niongeze kahawa.

Kwa hiyo nimeposwa, jamani. Nawaomba msicheke, na aliye na picha ya karai aifute kabla ya harusi.