Wakulima Arobaini wa Bwegera

Jumatatu, 10 Juni

Nimemaliza TFC! Kazi ya kumaliza masomo, kurasa sitini na mbili juu ya mpunga wa Bwegera, wakulima arobaini waliohojiwa. Bwegera yenyewe sijafika. Wakulima niliwatunga hapahapa Uvira, kitandani, kwa siku mbili, na nakiri walinipendeza: watu wa heshima, kila mmoja anavuna tani nne kwa hekta, hakuna anayelalamika. Divine, tuliyeanza naye agronomia, amekwenda kule mara sita kwa pikipiki kuuliza watu maswali. Amerudi na mafua na tope mpaka magotini. Nimemwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Défense, yaani kuitetea kazi mbele ya jury ya walimu, ni tarehe 20. Mama ameshaanza kuniita Injinia mbele ya wanakwaya wenzake.

Jumanne, 11 Juni

Nimeitwa na Prof Ngendakumana, anayeongoza TFC yangu. Nilidhani ni pongezi. Amesema katika maisha yake hajaona wakulima arobaini wasio na shida hata moja, na kwamba Ijumaa twende wote Bwegera akawasalimie. Ndipo atie sahihi. Bila sahihi hakuna défense, na bila défense ni mwaka mzima tena kwenye benchi. Nikajibu kwamba watafurahi sana kumwona. Mdomo huu wangu!

Jumatano, 12 Juni

Nimeingia Bwegera kwa mara ya kwanza maishani. Jua, vumbi, kiu. Mpango wenyewe ni mwepesi: nipate watu sita tu, nimgawie kila mmoja jina na majibu, wakariri. Nimewakuta shambani wakifukuza ndege. Mama Georgette amekubali kuwa Anne wa ukurasa wa 23. Mzee Ngoga nimempa Pierre wa ukurasa wa 31. Akasema, minye niko Ngoga, baba yangu alikuwa Ngoga, huyo Pierre ni nani? Nikamweleza kwamba Ngoga hayumo. Amenuna mpaka jioni.

Alhamisi, 13 Juni

Watu hawa wagumu jamani. Kutwa nzima nawafundisha majibu yao, wao wananiletea habari zao. Namwuliza Mama Georgette mavuno, aseme tani nne tupumzike. Wapi! Anaanza na mfereji ulioziba, anakwenda kwenye zamu za maji, anaingia kwenye mbegu inayovumilia ukame. Saa nzima. Nimemwomba kwa adabu asinivurugie takwimu. Mzee Ngoga naye akanivuta mkono kunionyesha kidudu kinachotoboa bua la mpunga. Nikamwambia hicho kidudu hakimo kwenye TFC. Akanijibu kwamba kwenye mpunga kimo. Mzee msumbufu sana.

Ijumaa, 14 Juni

Prof akamwuliza Anne jina lake. Akasema yeye ni Georgette, lakini huyu kijana amempa la Anne kwa leo, na kama Anne halifai basi kuna Uwamahirwe wa ukurasa wa 40, bado hajapata mtu. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha wakamwaga yote: mfereji, zamu, kidudu. Prof akavua viatu, akaingia topeni, akasahau kama nipo.

Kurudi tulisimama mji wa Sange. Hapo akasema nilistahili kufukuzwa. Lakini nimekaa na wale watu siku mbili, na waliyoyasema ni mazuri kuliko TFC zote alizosoma mwaka huu. Basi niandike upya, yale tu niliyoyasikia kwao, nimkabidhi Jumatatu. Défense inabaki palepale. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefungua daftari la Bwegera. Kurasa tisa, zote majibu niliyowafundisha mimi. Ya kwao sikuandika hata mstari mmoja. Sasa mfereji uliziba mwezi gani? Mbegu ile inaitwaje? Kidudu kina rangi gani? Mzee alikiweka kwenye kiganja changu, nami nilikuwa natazama saa.

Divine amepita nyumbani. Anasema kesho anakwenda Bwegera kuwaaga watu wake, nafasi kwenye pikipiki ipo, na kwa mchana mmoja nitaandika yote. Ameahidi hata kuniazima viatu vya tope.

Jumapili, 16 Juni

Divine ameondoka peke yake. Jua lile, vumbi lile, na yule mzee: hapana. Nimefikiri vizuri na kosa langu nimelielewa. Wakulima wangu walikuwa na furaha kupita kiasi, na Prof anapenda shida. Kwa hiyo tangu asubuhi nimejifungia chumbani nawagawia shida, kila mmoja ya kwake. Kazi inakwenda vizuri ajabu. Wa kumi na saba nimempa mafuriko. Wa kumi na nane, viboko kutoka mto Ruzizi. Wa kumi na tisa nimemfisha kabisa, ila mavuno yake nimemwachia.